Msiri wa Bunkeya alitawala namna gani?

Shuleni tulikariri majina ya mafarao kabla ya kusikia habari za Msiri. Hata leo mwanafunzi wa Kolwezi anaweza kukuambia kwamba piramidi ya Khufu ilifikia karibu mita 146. Lakini umuulize nani alitawala nchi hii mwaka 1880, ananyamaza.

Mawe ya piramidi yalichongwa kwa patasi za shaba, na farao alituma watu mpaka Sinai kuitafuta. Kwetu pia, aliyeshika shaba alishika nchi.

Msiri hakuzaliwa hapa. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, akimfuata baba yake Kalasa aliyekuja kununua shaba. Wasanga na Walamba walikuwa wakichimba tangu zamani. Kiangazi, baada ya mavuno, watu walitoka vijijini na kwenda « kula shaba »: wanachimba mawe ya kijani, wanajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wanavukuta moto wa makaa, wanamimina misalaba. Bunduki za Msiri ndizo zilimpa nguvu juu ya wenyeji hao, akajiita mwami, akakaa Bunkeya, katika eneo la Lubudi la jimbo letu.

Sasa serikali yake. Hakuwa na ofisi wala karatasi. Chifu wa mbali alipokubaliwa, alipewa ganda la konokono wa bahari, avae shingoni, naye analeta ushuru: shaba, chumvi, pembe za ndovu, watumwa. Ndiyo, watumwa pia, tusimpake sukari. Wake zake walikuwa mamia, na wengi hawakukaa naye: aliwaweka vijijini kuwa macho na masikio yake. Mmoja, Maria de Fonseca, alitoka upande wa Angola, na kwa njia hiyo ya Benguela baruti na bunduki zilifika. Nyingine zilipitia Waarabu na Waswahili wa mashariki. Mmisionari Arnot, aliyefika mwaka 1886, alikuta mafuvu ya watu yamewekwa wazi pale kwa mwami. Woga ulikuwa sehemu ya utawala.

Kwa maoni yangu, woga huo ndio ulimwangusha, hata kabla ya Wazungu. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, njia zikafungwa, baruti ikapungua. Wakati huohuo Waingereza na watu wa mfalme Leopold II walikuwa wanashindania Katanga. Msiri alikataa karatasi ya Waingereza, kisha akakataa bendera ya Leopold. Msafara wa Stairs uliisimamisha bila ruhusa yake. Tarehe 20 desemba 1891, kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi akafa. Naye Bodson alipigwa palepale.

Mwanawe Mukanda Bantu alikubali bendera. Mwaka 1906 Union Minière ikaanzishwa, na walioanza « kula shaba » wakawa wengine.

Kila 20 desemba Wayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka. Kichwa cha mwami kilikatwa siku ile, na mpaka leo wazee wanauliza kilipelekwa wapi.