Ngoma na tamthilia: Jukwaa la mwanamke Bungoma na Kitale

MIONGONI mwa Wabukusu, ambao ndio wenyeji wengi wa Kaunti ya Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia, ngoma inayojulikana zaidi ni kamabeka. Jina hilo lina maana ya mabega, na ndiyo sababu mgeni anayeitazama kwa mara ya kwanza huona mabega na kifua vikitikiswa kwa kasi ilhali miguu ikienda polepole. Ngoma hii huchezwa na wake kwa waume, hasa arusini na katika sherehe nyinginezo za furaha, huku litungu, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa vidole, kikiongoza mwendo.

Apigaye litungu kwa desturi ni mwanamume. Hata hivyo, ngoma isiyo na wanawake haichangamki, kwani wao ndio wanaoitikia wimbo, wanaopiga vigelegele na wanaoamua, kwa kuinuka au kubaki vitini, iwapo mpigaji ameupata ujumbe wa siku hiyo. Yeyote aliyewahi kuhudhuria arusi ya Kibukusu anajua kwamba mpigaji hodari hatafuti macho ya wazee bali ya akina mama.

Masimulizi ya asili ya jamii hii nayo hayamwachi mwanamke nyuma. Yanaeleza kwamba Wele, Muumba, aliwaumba Mwambu, mwanamume wa kwanza, na Sela, mwanamke wa kwanza. Wawili hao hutajwa pamoja, na majina yao yangali yanapewa watoto hadi leo.

Lakini yako majukwaa ambayo mwanamke hakufikia. Kubwa zaidi ni kumuse, hotuba ndefu ya kuwafariji wafiwa inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi. Mzee msemaji, ambaye huwa mwanamume wa ukoo wenye kipawa hicho, hutembea huku na huko mbele ya umati akisimulia historia ya koo, akionya na kutabiri. Wanawake husikiliza. Vivyo hivyo katika tohara ya wavulana, ambayo hufanyika mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili: mwana anaposimama uani akiwa amepakwa tope la mtoni, mamaye huwa ndani ya nyumba akingoja. Habari ya kwamba kijana hakutikisika humfikia kwa sauti ya firimbi na vigelegele vya wenzake. Usiku uliotangulia, hata hivyo, dada, shangazi na mama hao hao ndio waliokesha wakiimba na kucheza pamoja na kijana huku akigonga njuga zake.

Ni shule zilizobadilisha mpangilio huo. Tamasha la Kitaifa la Muziki lilianza mwaka wa 1927, na lile la drama la shule na vyuo likafuata mwaka wa 1959. Mwanzoni majukwaa hayo yalitawaliwa na nyimbo na michezo ya Kizungu. Baadaye ngoma za kienyeji ziliingizwa, kisha ngoma za ubunifu, ambazo hutumia miondoko ya asili kusimulia kisa kipya chenye mwanzo na mwisho. Katika ngoma ya aina hiyo msichana anaweza kuwa mganga, chifu au msemaji wa kumuse, mambo ambayo kijijini angekatazwa. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kwa miaka mingi Wabukusu wa Bungoma walishindana katika Mkoa wa Magharibi na jamaa zao wa Kitale katika Bonde la Ufa, kwa kuwa mpaka wa utawala ulipita katikati yao.

Mjini Kitale kuna pia makumbusho yanayohifadhi vifaa vya jamii za eneo hilo. Yalitokana na mkusanyiko wa Mwingereza Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka wa 1926, na yakafunguliwa kwa umma mwaka wa 1974. Ala hukaa vizuri ndani ya kabati la kioo, wimbo hauwezi.

Mwaka huo huo wa 1926 ndipo reli ilipofika Kitale, nao wafanyabiashara na mafundi wenye asili ya Kihindi wakafungua maduka humo. Jamii yao ilitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya mwaka wa 2017. Historia ya ngoma za huko walikotoka ina somo linalogusa Bungoma moja kwa moja. Ngoma ya Bharatanatyam ya India Kusini ilikuwa mikononi mwa wanawake waliowekwa wakfu katika mahekalu, walioitwa devadasi. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wanawake hao walikuwa wamebandikwa jina la ukahaba, na mwaka wa 1947 serikali ya Madras ilipiga marufuku kabisa desturi ya kuwaweka wakfu. Rukmini Devi Arundale, aliyezaliwa 1904 katika familia ya Kibrahmini, aliicheza ngoma hiyo hadharani mwaka wa 1935 na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Ngoma ikapata heshima, na mabinti wa familia zenye uwezo wakaruhusiwa kujifunza. Wenye ngoma wenyewe, yaani wanawake wa koo za kale, wengi walisahauliwa. Balasaraswati (1918–1984), aliyetoka katika ukoo kama huo, ni miongoni mwa wachache waliofaulu kuipeleka sanaa ya nyanya zao hadi Ulaya na Marekani.

Swali kama hilo linafaa kuulizwa kila ngoma ya kijiji inapotiwa sare na kupelekwa kwenye mashindano. Bibi kizee aliyewafundisha wasichana wimbo ule hapandi jukwaani kupokea kikombe, na mara nyingi jina lake halitajwi.

Kwa upande wa tamthilia, kazi iliyogusa donda la eneo hili ni Aminata ya Francis Imbuga, mwandishi mzaliwa wa Magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka wa 2012. Iliandikwa kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Nairobi mwaka wa 1985, ikachapishwa 1988. Aminata ni wakili ambaye babake, mchungaji, amemwachia kipande cha ardhi. Mjomba na wazee wanaona hilo ni kufuru. Huko Trans Nzoia, ambako mashamba ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru, kisa hicho si cha kubuni tu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haikubagua binti na mwana. Ni kweli iliruhusu mila itumike kuhusu ardhi ya kilimo katika wilaya kadhaa, Pokot Magharibi ikiwemo, lakini Bungoma na Trans Nzoia hazikuwa miongoni mwazo. Mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Rono kwamba mabinti wana haki sawa, na Katiba ya 2010 ikatilia mkazo. Licha ya hayo, binti anayedai shamba la babake angali anaulizwa kama hakuolewa.

Tamthilia za Kiswahili nazo zimewatanguliza wanawake: Lanina katika Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, Mama Ee (1987) ya Ari Katini Mwachofi, na Tunu katika Kigogo ya Pauline Kea. Vitabu vya kutahiniwa huigizwa na vikundi vinavyozunguka shuleni, na hivyo, wakati Kigogo ilipokuwa ikitahiniwa, wanafunzi wengi walikutana na Tunu jukwaani kabla ya kumaliza kumsoma. Marehemu Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, alimfanya mwimbaji wa taarabu kuwa mamake mhusika mkuu wa riwaya yake Siku Njema (1996). Mama huyo anadharauliwa kwa sababu ya sanaa yake, lakini mwanawe anabeba jina lake kwa fahari hadi Kitale.

Uzito wa jukwaa la wasichana ulidhihirika waziwazi katika shule jirani ya Butere, Kaunti ya Kakamega. Mwaka wa 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa kufika fainali za kitaifa, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uonyeshwe. Aprili 2025 mahakama iliamuru tena kwamba mchezo wao mwingine, Echoes of War, uruhusiwe. Wasichana hao walifika Nakuru, wakaukuta ukumbi hauna watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Nje, polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi.