Juu ya nini mbwa anapiga chafya wakati anacheza?

Saa kumi na moja jioni, katika lupango nyingi za Goma, Bukavu ao Butembo, mambo ni yale yale. Baba anarudi kazini, anasukuma mlango, mbwa anatoka mbio. Anazunguka, anapiga mkia huku na huku, kisha anarusha kichwa juu: chii! chii! chii! Chafya tatu, nne, mfululizo. Watoto wanacheka. Lakini mara nyingi kuna mtu mkubwa mmoja pale asiyecheka. “Hii mbwa iko na gripe, muifukuze karibu ya batoto,” anasema. Na kama juzi kulikuwa habari ya mbwa wazimu katika kartie, wengine wanakwenda mbali zaidi: wanatafuta fimbo.

Mbwa yule hana gripe, na wazimu hana. Iko kitu anasema, na wale wanaoishi naye wanaweza kujifunza kukisikia. Faida yake si ndogo, kwa sababu kuna chafya ya furaha, kuna chafya ya ugonjwa, na tena kuna alama za hatari ambazo hazina chafya hata moja, nazo ndizo zinapita bila watu kuziona.

Chafya mbili zisizofanana

Chafya ya kweli inaanzia ndani kabisa ya pua. Vumbi, moshi wa makala, unga wa pilipili ao kipande cha jani kinagusa ngozi laini ya ndani, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo, na mwili unajibu peke yake: mnyama anavuta pumzi nyingi, kifua kinajibana, hewa inatoka kwa nguvu pamoja na majimaji. Hawezi kuizuia, sawa vile mtu hawezi kuzuia yake. Na mbwa ana sababu ya kuilinda pua. Mtu ana seli za kunusa karibu milioni 6. Mbwa anaweza kuwa nazo mpaka milioni 300. Njo maana walinzi wa hifadhi ya Virunga, pale Rumangabo, wanatumia mbwa kwa kufuata nyayo za majangili. Kifaa cha namna hiyo lazima kisafishwe mara kwa mara, na chafya ni fagio lake.

Chafya ya mchezo ni kitu kingine. Ni fupi, nyepesi, inatoka mbele ya pua, na mbwa havuti pumzi nyingi mbele ya kuitoa. Inafanana zaidi na mtu anayepuliza hewa puani ili kumfukuza inzi. Mdomo wa juu unapanda kidogo, ngozi ya pua inajikunja, kichwa kinaruka. Makamasi hayatoki. Inakuja mara nyingi mfululizo wakati mchezo umepamba moto, ao wakati mbwa anaona sahani ya bugali inakuja, ao wakati bwana wake anachukua kamba ya kumtembeza. Furaha ikishuka, chafya nayo inakwisha. Mbwa akibaki peke yake kwenye kivuli, hapigi chafya.

Waganga wa nyama wanatoa maelezo mawili. La kwanza ni la mwili: mbwa anayecheza anakunja pua, anafungua mdomo, anapumua haraka haraka, na ile hewa pamoja na kule kujikunja vinamwasha pua. La pili ni kwamba chafya ni alama, ni ujumbe kwa yule anayecheza naye. Hakuna haja ya kuchagua moja na kutupa lingine. Mzee anayefika kwenye mlango wa nyumba ya watu anakohoa kidogo mbele ya kuingia. Kukohoa ni jambo la koo, lakini kila mtu aliye ndani anajua maana yake: “Niko hapa, jitayarisheni.” Kitu cha mwili kimekuwa neno. Kwa mbwa pia inaweza kuwa hivyo. Tena mbwa ni mwerevu: akiona kila mara anapopiga chafya watu wanacheka na kumpapasa, ataipiga zaidi.

Kucheza na meno bila kupigana

Ili kuelewa kwa nini mbwa ana haja ya alama kama hiyo, inafaa kuangalia mchezo wake wenyewe. Mbwa wawili wanaocheza wanatumia vitu vile vile vya vita: wanakimbizana, wanaangushana, wanashikana shingo na meno, wananguruma. Kosa moja dogo, na mchezo unageuka vita ya kweli. Kwa hiyo wanakumbushana kila wakati kwamba wanacheza.

Marc Bekoff, mtaalamu wa tabia za wanyama wa chuo kikuu cha Colorado huko Marekani, alitoa mwaka wa 1995 uchunguzi juu ya watoto wa mbwa, wa mbwa mwitu wa huko na wa koyoti, mnyama mwingine wa jamaa hiyo. Aliangalia ile hali ambayo kila mwenye mbwa anaijua: miguu ya mbele inalala chini, matako yanabaki juu, mkia unacheza. Aliona kwamba mnyama anafanya hivyo hasa mbele ao nyuma ya kitendo ambacho mwenzake angeweza kukielewa vibaya, kama vile kumwuma na kumtikisa. Ni sawa na kusema: “Usikasirike, hii ni mchezo tu.” Chafya iko katika jamaa moja na kule kuinama, pamoja na kujilaza mgongo chini, ao kuruka ruka bila kumfikia mwenzake.

Kwa mzazi, jambo hili lina kazi ya kila siku. Mbwa anayepiga chafya ndogo ndogo huku mwili wake umelegea, mdomo wazi, mkia unayumba mpaka kiuno, anacheza na mtoto. Mbwa aliyenyamaza, mwili mgumu kama ubao, macho yamekaza, mdomo umefungwa, huyo hachezi tena, hata kama hajanguruma. Pale mtoto aondolewe pole pole, bila makelele na bila kukimbia. Na mbwa anayekula, anayelala ao anayenyonyesha asiguswe na mtoto, iwe alipiga chafya ao hakupiga.

Mbwa mwitu wanaopiga kura kwa pua

Mfano ulioshangaza watu wengi unatoka Botswana. Katika bonde la Okavango wanaishi mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye masikio makubwa ya duara na manyoya ya madoa ya rangi tatu. Si ndugu wa karibu wa mbwa wa nyumbani, hata kuzaa pamoja hawawezi. Wanawinda kwa kundi, na mbele ya kutoka wanakutana kwanza: wanaamka, wanasalimiana kwa furaha kubwa, wanasukumana. Nyuma ya hapo, mara wanakwenda kuwinda, mara wanarudi kulala. Nani anaamua?

Mwaka wa 2017 watafiti walitoa jibu. Walikuwa wamerekodi mikutano 68 ya makundi 5, na walihesabu kila kitu. Kadiri chafya zilivyokuwa nyingi, ndivyo kundi lilivyoelekea kuondoka. Na kura hazikuwa na uzito sawa. Kama mkutano ulianzishwa na dume ao jike mkubwa wa kundi, chafya karibu 3 zilitosha. Kama ulianzishwa na mdogo, zilihitajika karibu 10. Watu wa mashariki mwa Congo, ambao wameona mikutano mingi ya kartie, watatambua desturi hiyo bila kufundishwa. Chafya hizo nazo ni fupi, hewa inatoka puani kwa haraka, karibu sana na zile za mbwa wa lupango. Hazionyeshi kwamba mbwa wa nyumbani anapiga kura. Zinaonyesha kwamba katika jamaa ya mbwa, pua inaweza kusema.

Congo yenyewe ina ushahidi wake kwamba kubweka si lugha pekee ya mbwa. Ni basenji, mbwa wa wawindaji wa msitu, masikio yamesimama, mkia umejikunja kama konokono, na jina ambalo ndani yake kila msemaji wa Kiswahili anasikia neno “bashenzi”. Habweki kama wengine. Sauti yake inafanana zaidi na wimbo wa kupanda na kushuka, na wawindaji wamezoea kumfunga kengele ya mti shingoni ili wasimpoteze porini. Mwaka wa 1895 basenji walipelekwa Uingereza kuonyeshwa katika maonyesho ya Crufts huko London, kama mbwa wa ajabu kutoka Congo. Walikufa muda mfupi nyuma ya hapo. Kilichowaua ni ugonjwa ambao unaanza, mara nyingi, na macho na mapua yanayotoka maji.

Wakati chafya si furaha tena

Ugonjwa huo, wale waliosoma kwa Kifaransa wanauita Carré, kwa jina la munganga wa nyama Mfaransa Henri Carré, ambaye mwaka wa 1905 alionyesha kwamba unaletwa na kirusi. Unashika zaidi watoto wa mbwa. Macho yanajaa matongo, pua inatoa makamasi mazito, mbwa anakohoa na kupiga chafya, homa inapanda, anakataa chakula, anaharisha. Wengine baadaye wanatetemeka na kukaza viungo. Unapita kwa hewa na matone kutoka mbwa hadi mbwa. Hauambukizi watu. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe, lakini chanjo ipo, na ni ya kutolewa mapema, wakati mbwa bado mdogo.

Kuna sababu zingine. Jani kavu ao mbegu ya majani yenye miiba inaingia tundu moja la pua: chafya zinaanza ghafla, kali, na mbwa anajikuna pua kwa mguu. Jino lililooza juu linaweza kupeleka usaha mpaka puani. Na kwa mbwa wanaokunywa kwenye chemchem na mabwawa, ruba mdogo anaweza kuingia puani na kukaa pale akinyonya damu. Alama ni damu inayotoka mara kwa mara upande mmoja. Kumvuta kwa nguvu kunaweza kupasua ngozi ya ndani. Hiyo ni kazi ya munganga wa nyama.

Wengi wanaogopa pia hali nyingine ambayo si chafya kabisa, ila kinyume chake: mbwa anasimama, ananyoosha shingo, anavuta hewa puani kwa haraka na sauti kama ya nguruwe. Inatisha kuangalia. Mara nyingi inakwisha yenyewe ndani ya sekunde chache ao dakika moja, na mbwa anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ikirudi kila siku, aonyeshwe kwa mtaalamu.

Kwa kifupi cha mwenye haraka: chafya bila mchezo, zinazorudi siku nyingi, zenye damu, usaha ao makamasi, ao mbwa asiyekula, hizo ni za kupeleka kwa munganga wa nyama. Vidonge vya watu visitumiwe. Ibuprofeni, ambayo iko katika nyumba nyingi, inaweza kuharibu tumbo na figo za mbwa.

Wazimu wa mbwa hautangazwi na chafya

Hofu kubwa inabaki ile ya kichaa cha mbwa, ambacho hospitalini wanaita raji. Hofu hiyo ni ya haki: alama zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu watu wote wanaokufa nao duniani waliupata kwa mbwa. Lakini inaelekezwa mahali pabaya. Kupiga chafya si alama ya kumtambua mbwa wa raji. Cha kuangalia ni tabia inayobadilika: mbwa mpole anauma bila sababu, anakula udongo ao miti, anatangatanga, sauti inabadilika, mate yanamwagika, miguu ya nyuma inalegea.

Na kuna sura moja inayodanganya. Mbwa ananyamaza, taya linaanguka, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anawaza: “Mufupa umemukwama.” Anaingiza mkono mdomoni ili autoe. Kirusi kiko katika mate, na mkwaruzo mdogo wa kidole unatosha. Mdomo wa mbwa wa hali hiyo usiguswe.

Mtu aliyeumwa, aliyekwaruzwa, ao aliyerambwa kwenye kidonda, aoshe mahali pale na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, palepale, kisha aende kituo cha afya siku ile ile aulizie chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Asingoje kuona mbwa atafanya nini. Mbwa naye, kama inawezekana kumfungia bila kumgusa, afungiwe na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, munganga anajua kwamba siku ya kuuma mate yake hayakuwa na kirusi, na anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyepigwa mpaka kufa na kutupwa mtoni hamwachii munganga jibu hilo, na aliyeumwa atamaliza sindano zote.