Mfumo wa mafuta wa ndege nyepesi sana

Mfumo wa mafuta wa ndege nyepesi sana, yaani ile ya mtu mmoja au wawili ambayo marubani wengi huiita maikrolaiti, ni mpangilio wa tangi, mabomba, machujio, pampu na kabureta unaohifadhi petroli na kuifikisha katika injini ikiwa safi, kwa kiasi kinachotakiwa na bila kukatika. Sheria za nchi hazikubaliani juu ya wapi wepesi unapoishia: kanuni ya Marekani ya mwaka 1982 inataka ndege ya kiti kimoja yenye uzito mtupu wa chini ya kilo 116 na petroli isiyozidi lita 19, ilhali Ulaya kwa miaka mingi ilihesabu kilo 450 za kuruka kwa ndege ya viti viwili. Katika Afrika Mashariki ndege hizi hurushwa kwa burudani katika uwanja wa Orly, kusini mwa Nairobi, na zimetumika kwa doria dhidi ya ujangili nchini Tanzania, ambako aina ya Bat Hawk kutoka Afrika Kusini inajulikana. Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inafaa kuwa mfano wa kuueleza mfumo huu kwa kuwa uwanja wake, ulio karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari na kaskazini kidogo tu ya ikweta, unakutanisha mambo matatu yanayoutesa: joto la Bonde la Ufa, hewa nyembamba, na petroli iliyosafiri mbali kabla ya kufika.

Safari ya petroli ndani ya ndege huanzia kwenye tangi, ambalo lazima liwe na tundu la kuingizia hewa, kwani tangi lisilopumua hujenga mvuto ndani yake kadiri petroli inavyopungua, na hatimaye huacha kutoa hata kama limejaa nusu. Nyigu akijenga kiota katika tundu hilo injini itazimika angani kana kwamba mafuta yamekwisha. Kutoka tangini petroli hupita kwenye chujio la waya, kisha koki ya kufungia, kisha chujio la pili laini zaidi. Ndege yenye tangi ndani ya bawa lililo juu ya injini inaweza kutegemea uzito wa petroli yenyewe kuishusha, lakini ile yenye tangi chini ya kiti, kama zilivyo nyingi za bawa la kitambaa, haiwezi kuruka bila pampu. Injini za mipigo miwili hutumia pampu ya kiwambo, inayosukumwa na mabadiliko ya shinikizo katika chumba cha krenki kupitia mrija mwembamba, na mrija huo ukilegea au ukipasuka pampu hufa papo hapo. Rotax 912 ya Austria, injini ya mipigo minne iliyoenea sana katika fani hii, ina pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, na waundaji wengi huongeza pampu ya umeme ya akiba. Mabomba ya mpira huzeeka bila kuonyesha dalili kwa nje, na ndiyo sababu mtengenezaji huyo anaagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 5, yawe yametumika au la.

Hata hivyo mabomba na pampu ni nusu nyepesi ya jambo lenyewe. Nusu nzito ni petroli. Mafuta yanayouzwa Kasese huingia zaidi kupitia bandari ya Mombasa, hupita katika bomba hadi Eldoret au Kisumu, kisha hubebwa na malori kuvuka Uganda nzima, na baada ya mji wa Kasese huendelea hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako petroli pia huuzwa kwa madumu. Kila inapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine hupata nafasi ya kuokota maji, kutu na vumbi, na wakati mwingine mafuta ya taa, ambayo wachakachuaji huyachanganya kwa tamaa ya faida. Uganda imeweka mpango wa kuyatia mafuta alama ya siri ili uchakachuaji ugundulike, lakini alama hiyo haisomeki kwa macho ya rubani. Mafuta ya taa hushusha okteni, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake, na Rotax 912 ya nguvu-farasi 80 inahitaji okteni 90 wakati ndugu yake ya nguvu-farasi 100 inahitaji 95. Petroli ikiwa chini ya hapo injini hugonga, na kugonga huko kunaweza kutoboa kichwa cha pistoni.

Mtu anaweza kudhani kuwa dawa ni kununua Avgas 100LL, petroli maalumu ya ndege, ambayo ubora wake unalindwa kwa ukali zaidi. Dawa hiyo ina uchungu wake. Avgas ina risasi, nayo huacha utando katika oili na katika gia za Rotax 912, kiasi kwamba mtengenezaji anaagiza oili ibadilishwe mara nyingi zaidi, karibu kila saa 25, pale inapotumika kwa wingi. Tena ni adimu na ghali mbali na viwanja vikubwa. Upande wa pili uko ethanoli, pombe inayochanganywa na petroli, ambayo Sheria ya Nishati-mimea ya Uganda ya mwaka 2020 iliiwekea msingi wa kisheria. Rotax huikubali hadi asilimia 10, lakini ethanoli hufyonza maji, hulainisha au kukausha mipira ya zamani, na maji yakizidi hujitenga pamoja nayo na kukaa chini ya tangi, mahali hasa ambapo injini hunywa kwanza. Kipimo chake ni rahisi: maji kidogo hutiwa katika chupa yenye alama, petroli huongezwa, chupa hutikiswa na kuachwa itulie, na maji yakionekana kuongezeka ethanoli ipo.

Injini za mipigo miwili, kama Rotax 582 ya takriban nguvu-farasi 65, hazina oili ya pekee katika chumba cha krenki, hivyo hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli kwa sehemu 1 kwa 50, yaani desilita 4 kwa kila lita 20. Zipo pia zenye pampu ya oili inayofanya kazi hiyo. Oili hupimwa, haikisiwi.

Kimo na joto hudai uangalifu mwingine. Kukiwa na nyuzi 30 za joto, hewa ya uwanja wa Kasese huwa nyembamba kama ile ya mita 1,700 hivi katika hali ya wastani, na kabureta sahili ya injini za mipigo miwili, isiyotambua badiliko hilo, huendelea kutoa petroli iliyopimiwa pwani. Mchanganyiko hujaa petroli kupita kiasi, plagi huchafuka na nguvu hupungua, ndipo fundi hulazimika kuweka jeti ndogo zaidi, ambayo ni kitundu kinachopima petroli. Kosa la kinyume ndilo linaloua injini: ndege iliyorekebishwa kwa ajili ya Kasese ikipelekwa Mombasa bila kurudishiwa jeti yake itapata petroli kidogo mno kwa hewa nyingi, joto la moshi litapanda, na pistoni itakwama. Kabureta za Rotax 912 hujirekebisha zenyewe kwa kiasi kikubwa. Hakuna kabureta, hata hivyo, iliyo salama dhidi ya barafu, kwani petroli inapogeuka mvuke hupoza koo la kabureta, na katika hewa yenye unyevu kwenye miteremko ya Rwenzori barafu inaweza kuliziba hata mahali ambapo watu chini yake hawasikii baridi.

Chini bondeni tatizo hugeuka. Petroli ya magari huvukizika kwa urahisi kuliko Avgas, na injini iliyozimwa juani kwa dakika chache baada ya kutua huchemsha iliyobaki mabombani, hadi mapovu yake yakaishinda pampu. Bomba la kurudishia, linalopeleka petroli ya ziada tangini bila kukoma, hutoa mapovu hayo, na kulikosa katika joto la Kasese ni uzembe.

Kabla ya kila ruko la siku rubani hufungua kikombe kilicho sehemu ya chini kabisa ya mfumo, hukinga kiasi katika chombo cha kioo, na kutazama kama kuna tone la maji chini au rangi isiyofanana. Petroli ya dumu humiminwa kwa faneli yenye chujio, huku dumu, faneli na ndege vikiwa vimeunganishwa kwa waya ili cheche ya umeme tuli isizuke.

Hesabu ya kiasi ndiyo ya mwisho, na haina huruma. Kutoka Kasese hadi Mpondwe kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 45, hivyo ndege iendayo kilomita 90 kwa saa na kunywa lita 18 kwa saa itamaliza lita 18 kwa kwenda na kurudi, bila kuhesabu upepo wala kupanda juu ya vilima vya Kyondo. Akiba ya dakika 30 inayodaiwa kwa safari za mchana huongeza lita 9. Jumla ni lita 27, na tangi la lita 19 la kanuni ya Marekani haliitoshi safari hiyo.