Mpakato Usiopakatika

Kiswahili kiliipa laptopu jina la kompyuta mpakato, na jina hilo limebeba picha nzima: mama amekaa mkekani, miguu kainyoosha, kampakata mwanawe. Aliyelibuni bila shaka aliiona mashine ndogo, tulivu, ya kuandikia barua. Hakuwa ameiona Predator 21 X.

Hiyo ilioneshwa Berlin mwezi Septemba 2016, kwenye maonyesho ya IFA, na kampuni ya Acer ya Taiwan. Kioo chake kilikuwa cha inchi 21 na kilipinda kama upinde, jambo ambalo hakuna kompyuta mpakato iliyokuwa imelifanya. Ndani mlikuwa na kadi mbili za grafiki za GeForce GTX 1080 na feni tano. Pembeni mwa kibodi palikuwa na kibao cha kugusa ambacho ukikichomoa na kukigeuza kinakuwa vitufe vya namba. Ilikula chaja mbili kwa mpigo, kila moja ya wati 330. Uzito wake ulizidi kilo 8, na bei iliyotangazwa Januari 2017 ilikuwa dola 8,999.

Kilo nane ni uzito wa mtoto wa miezi minane hivi, aliyeanza kukaa mwenyewe. Mtoto huyo, walau, hakuchomi mapaja.

Wengi huamini kwamba laptopu za gemu zina vioo vikubwa kwa sababu mchezaji anataka kuona vizuri. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Angetaka kuona tu, angechomeka televisheni. Kioo kikubwa kinaleta mwili mpana, na mwili mpana unatoa nafasi ya feni, mabomba ya shaba na matundu ya hewa. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa na kadi ya grafiki hutoka ukiwa joto. Kadi ya kisasa ya laptopu kubwa inaweza kula wati 175 peke yake, karibu sawa na globu mbili za zamani za wati 100 zilizofungiwa ndani ya boksi lenye unene wa vidole viwili. Kwa hiyo ukiifuata historia ya mashine hizi kwa kupima vioo utapotea njia. Fuata joto.

Mwanzoni kioo kilikuwa kichekesho. Osborne 1 ya mwaka 1981, kompyuta ya kubeba iliyouzwa dola 1,795, ilikuwa na kilo 11 na kioo cha inchi 5 tu. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge, na hapo ndipo lilipozaliwa umbo tunalolijua: kifuniko chenye kioo kinacholalia kibodi, kama chaza anavyofunga makombe yake. Ilikuwa na mwili wa aloi ya magnesiamu na maandishi ya rangi ya chungwa, na bei yake ilikuwa dola 8,150. Wanaoshangaa bei ya Predator wakumbuke kwamba ughali wa namna hiyo si mgeni katika ukoo huu.

Lakini hakuna aliyecheza chochote cha maana humo. Hata gemu la Doom lilipotoka mwaka 1993, laptopu nyingi zilikuwa na vioo vizito vya kubadilika; adui akikimbia, picha yake ilivuta mkia nyuma kama moshi wa bodaboda mbovu. Halafu kadi za grafiki za 3dfx Voodoo zilipoingia kwenye kompyuta za mezani mwaka 1996, pengo likawa bonde. Kompyuta ya mezani ilifunguliwa ubavu, kadi ikachomekwa, mambo yakaendelea. Laptopu ilikuwa haina ubavu wa kufungua.

Mwaka huohuo wa 1996, jijini Miami, Nelson Gonzalez na Alex Aguila walianzisha Alienware, kampuni ya kuunda kompyuta za wacheza gemu. Vijana wale walipenda hadithi za viumbe wa sayari nyingine, na mapenzi hayo yakaingia hadi kwenye majina ya bidhaa. Novemba 2000 Nvidia ikatoa GeForce2 Go, kadi yake ya kwanza ya ukoo wa GeForce kwa laptopu, na mlango ukafunguka. Alienware wakaja na Area-51m. Siri iliyokuwa wazi kwa mafundi ni kwamba mwili wa mashine ile ulitoka kwa Clevo, kiwanda cha Taiwan kinachouza maboksi matupu kwa kampuni nyingi, kila moja ikapaka rangi yake na kubandika nembo yake. Kama ulivyo mkate wa kiwanda kimoja unaouzwa na maduka kumi.

Mbinu ya kina Clevo ilikuwa ya kibabe: chukua prosesa ya kompyuta ya mezani, isukumize ndani ya laptopu. Pentium 4 za mwaka 2004 ziliweza kupita wati 100. Mashine zikanenepa, betri zikawa za kuokoa kazi umeme ukikatika, basi. Hapo ndipo kampuni zilipoacha kusema habari ya mapaja na kuanza kuziita mbadala wa kompyuta ya mezani. Nadhani huo ulikuwa ukweli wa kwanza kutoka midomoni mwao.

Baada ya hapo ukubwa ukapanda vichwani. Dell, ambao mwaka 2006 waliinunua Alienware, walitoa mwaka huohuo XPS M2010 yenye kioo cha inchi 20.1, mpini wa kubebea kama mkoba wa wakili, na kibodi isiyo na waya inayochomoka. HP wakajibu mwaka 2007 kwa Pavilion HDX, nayo inchi 20.1, watu wakaiita Joka. Hizi zilikuwa sinema za sebuleni zaidi kuliko mashine za gemu, na sina mengi ya kuzisifia. Vipeperushi vilizungumzia uzito wake kana kwamba si kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Enzi ninayoiona kuwa ya kweli ni ile ya inchi 18.4. Alienware M18x ya mwaka 2011 ilibeba kadi mbili za grafiki zilizofanya kazi kwa zamu, mbinu iliyoitwa SLI kwa upande wa Nvidia: moja inachora picha hii, nyingine inachora inayofuata. Ilikuwa na kilo 5 na ushei, na chaja yake ungeweza kuizuilia mlango. Januari 2015 MSI ikaleta GT80 Titan, laptopu ya kwanza kuwa na kibodi kamili ya kimakanika, yenye swichi za Cherry. Ili swichi zile ndefu zienee, kibodi ilisogezwa hadi ukingo wa mbele, sehemu ambayo kwa kawaida hulazwa viganja. Watu waliicheka. Lakini tazama kilichotokea: sehemu yote ya nyuma ya kibodi ikabaki kwa feni na shaba, na vidole vikakaa mbali na moto. Mara nyingi katika historia hii, kinachoonekana kituko cha usanifu ni jibu la swali la joto.

Kadi mbili hazikuwa na baraka hata hivyo. Gemu lililoandikwa bila kuzifikiria lilitumia moja na kuiacha nyingine ikipasha chumba, na hata zilipofanya kazi pamoja, picha mara nyingine zilikwama na kuruka. Nvidia walitangaza kwamba kuanzia Januari 2021 hawangeandaa tena mipangilio mipya ya SLI kwa magemu. Hakuna aliyelia sana.

Kati ya 2015 na 2017 tasnia ilishikwa na wazimu kidogo. Asus walionesha GX700, laptopu ya inchi 17.3 iliyopozwa kwa maji: nyuma yake kilichomekwa kitako kikubwa kama begi la safari chenye pampu, na ukitaka kuondoka nayo maji yananyonywa kwanza kabla ya kuichomoa. Razer walikwenda kwenye maonyesho ya Las Vegas Januari 2017 na Project Valerie, laptopu yenye vioo vitatu vya inchi 17.3, viwili vikijikunjua kutoka ubavuni. Vielelezo vya mradi huo viliibwa palepale, na mashine yenyewe haikufika dukani. Predator 21 X ilizaliwa katika majira hayo, na ukiiweka pamoja na ndugu zake hao haionekani tena kuwa ya ajabu.

Ajabu ni kwamba wakati wababe hao wanapimana vifua, sababu ya kuwapo kwao ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Agosti 2016 Nvidia ilileta kadi za ukoo wa GTX 10 kwenye laptopu na kufuta herufi M iliyokuwa ikitenga kadi za laptopu na za mezani. Haikuwa mbwembwe. GTX 980M ilikuwa na viini vya kukokotoa 1,536 dhidi ya 2,048 vya GTX 980 ya mezani. GTX 1080 ya laptopu ilikuwa na viini 2,560, sawa na dada yake wa mezani. Kadi moja ilitosha. Mwezi Mei 2017, mjini Taipei, ikafuata Max-Q, utaratibu wa kuipa chipu kubwa umeme kidogo ili ifanye kazi ndani ya mwili mwembamba. Vioo vya inchi 18.4 vikaachwa, na kwa miaka kadhaa kilele kikawa inchi 17.3.

Jitihada moja ya miaka hiyo bado inawauma wengi. Januari 2019 jina Area-51m lilifufuliwa kwa laptopu ya inchi 17.3 yenye prosesa ya mezani na ahadi kwamba prosesa na kadi ya grafiki vitaweza kubadilishwa. Kizazi kilichofuata kilipotoka, wamiliki wakalalamika kwamba hakiingii kwenye mashine zao, na mwaka 2021 mteja mmoja akaipeleka Dell mahakamani huko California. Laptopu ilikuwa imejaribu kujifungulia ubavu ule iliokosa tangu 1996.

Vioo vikubwa vilirudi Las Vegas Januari 2023. Alienware m18, ROG Strix SCAR 18 ya Asus na Razer Blade 18 zilitangazwa kwa pamoja, zote za inchi 18, zote zikiwa na kioo kirefu kidogo kwenda juu, uwiano wa 16 kwa 10. Ujanja upo kwenye fremu: kingo za kioo zimekondeshwa, kwa hiyo inchi 18 ya leo inakaa katika mwili usiotofautiana sana na wa inchi 17.3 wa jana. Nyuma kuna matundu marefu, chini kuna feni, na juu ya chipu baadhi ya watengenezaji hupaka metali ya majimaji badala ya pesti ya kawaida ili joto lipite haraka.

Hapa mnunuzi na afungue macho, kwa sababu mchezo wa majina umerudi. RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384, kumbukumbu ya gigabaiti 24 na ruhusa ya kula wati 450. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9,728, gigabaiti 16, na chipu yake ni ileile iliyowekwa kwenye RTX 4080 ya mezani. Ni kadi nzuri, yenye nguvu kuliko watu wengi wanavyohitaji. Ila herufi M iliyofutwa 2016 kwa haki ingepaswa kurudishwa kwa haki.

Kuna jambo jingine ambalo tathmini nyingi za Ulaya na Marekani hazilisemi, kwa kuwa haziathiriki nalo. Feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la hewa inayoivuta. Mashine iliyopimwa kwenye chumba cha nyuzi 21, ukiileta Dar es Salaam mwezi Februari penye nyuzi 32, imeanza mbio ikiwa nyuma hatua kumi na moja. Niliwahi kukaa kwa fundi mmoja wa Kariakoo alipoletewa laptopu ya gemu ya inchi 17 iliyokuwa inajizima yenyewe. Mwenyewe hakuwa mcheza gemu. Alikuwa anahariri video za harusi, na mashine aliipata ya mitumba kutoka Dubai. Fundi alifungua kifuniko cha chini, akachomoa kati ya mapezi ya shaba blanketi la vumbi lililoshikamana kama pamba ya mto. "Bosi," akamwambia, "hii haijafa. Imezibwa pua tu."

Sijasoma tathmini iliyoeleza vizuri zaidi udhaifu wa mashine hizi.

Na upo ukuta mmoja ambao hakuna feni inayouvunja. Mashirika ya ndege huruhusu abiria kubeba betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali maalumu. Ndiyo maana MSI Titan 18 HX, iliyotoka mwaka 2024 na kioo cha inchi 18, ina betri ya wati-saa 99.9, na bado ukicheza bila kuchomeka umeme inashusha kasi na kuisha upesi. Uzito wake ni kilo 3.6. Kutoka mtoto wa miezi minane tumerudi kwa mtoto mchanga, na huyo kweli anapakatika. Chaja yake ya wati 400 haimo kwenye hesabu hiyo.