Hori la Darajani na Uchafu wa Mji wa Unguja

Nyinyi mnaokaa shamba, mkishuka mjini mkafika Darajani, hamtaona daraja. Zamani palikuwa na hori lililougawa mji wa mawe na Ng'ambo, na hori hilo ndilo lililokuwa jaa la mji. Mji ule, pamoja na majumba yake yote makubwa, haukuwa na mfagizi ila bahari. Watu walichimba vyoo vya shimo, na visima havikuwa mbali navyo. Taka zilitupwa pwani au horini. Maji yalipojaa yalichukua kitu, yalipokupwa yaliacha kitu. Bahari ni mfagizi asiyelipwa, basi hufanya kazi apendavyo.

Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kwa njia ya misafara, kikaua maelfu ya watu kisiwani. Dkt. James Christie, tabibu aliyekuwapo mjini, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876.

Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alitenda jambo kubwa: alivuta maji matamu kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, na watu wakayateka bure. Walakini maji yaingiayo mjini sharti yatoke, na njia ya kutokea haikuwekwa. Tusimlaumu upesi. London yenyewe, ilipofika mwaka 1858, mto wake ulinuka hata wakubwa wa Bungeni wakaziba pua. Ndipo zilipopatikana fedha za kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi.

Mwaka 1891 Waingereza waliipanga upya serikali ya Unguja, Lloyd Mathews akawa waziri wa kwanza, na kazi za ujenzi zikapata idara yake. Baadaye alitumwa Profesa W. J. Simpson kutazama afya ya miji ya Afrika Mashariki. Pamoja na mengine, alishauri mataifa yakae mbalimbali, kila watu na mtaa wao. Kwa maoni yangu shauri hilo lilikuwa bovu, maana mbu hajui mpaka wa mtaa, nao waliokaa Ng'ambo walihitaji mitaro kuliko wote.

Hori lilijazwa kidogo kidogo, kazi ikaisha katika miaka ya 1950. Uvundo uliondoka, lakini maji ya mvua ya Ng'ambo yalipoteza njia yake ya kale. Mwaka 2011 ulianzishwa mradi wa serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mitaro mikubwa ya kuyapeleka baharini ikachimbwa huko Ng'ambo.