Operesheni Rufiji: Huduma Zilihamia Juu, Shamba Likabaki Bondeni

Kila Mto Rufiji unapofurika, dai moja la zamani hurudi: laiti watu wa bondeni wangekubali kuhama moja kwa moja, familia zao zingekuwa salama na karibu na huduma. Mafuriko ya Aprili 2024 yalilifufua tena. Wanaolirudia wangefaa waitafute ripoti isiyosomwa sana siku hizi: utafiti wa Audun Sandberg kuhusu mfumo wa kilimo wa delta, uliotolewa mwaka 1974 na BRALUP, ofisi ya utafiti wa rasilimali na mipango ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kiini cha mjadala huu ni Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilizihamisha kaya za bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, kama Ikwiriri. Ahadi ilikuwa shule, zahanati na maji safi.

Ahadi haikuwa ya uongo, ila shamba halikuhama. Mpunga hupandwa kabla mto haujajaa. Maji yakishuka, udongo wenye unyevu hupokea mazao yaitwayo mlau. Tangu kupanda hadi kuvuna lazima mtu awepo, la sivyo nguruwe, nyani na ndege hawabakishi kitu. Zamani kaya nzima iliishi huko huko, na maji yakipanda ilikaa juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu. Baada ya operesheni, mlinzi wa shamba, mara nyingi mama, alivuka mto na kukaa dunguni kwa miezi. Watoto wa shule wakabaki kijijini na bibi, au wakafuatana na mama na kukosa masomo. Huduma iliyokusudiwa kuistawisha familia ikaigawa pande mbili za mto.

Wapo wanaosema waliorudi bondeni walikuwa wakaidi. Hoja hiyo haistahili muda mrefu: mwenye njaa hufuata chakula kilipo. Kjell Havnevik, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu maendeleo yanayoamriwa kutoka juu, anaeleza kwa mashiko zaidi jinsi uhamishaji ulivyodhoofisha uzalishaji wa Warufiji.

Huduma zilizofuata baadaye zina somo. Kuanzia 2011, Taasisi ya Afya Ifakara ilijaribu Rufiji mpango wa WAJA, mawakala wa afya ya jamii waliochaguliwa na vijiji vyao, wakafundishwa miezi tisa, wakalipwa na kutembelea kaya nyumbani. Hapo huduma ndiyo iliyomfuata mtu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF nao huipa kaya fedha ili isilazimike kuwatoa watoto shuleni. Nauunga mkono, ila sharti lake la mahudhurio linachukulia kwamba shule, nyumba na shamba viko mahali pamoja. Kwa mama aliyeko dunguni, haviko.

Tangu Wilaya ya Kibiti imegwe kutoka Rufiji, kata za delta kama Salale, Msala na Maparoni ziko chini yake. Halmashauri zote mbili zikipanga makazi mapya, zianze kwa kuuliza shamba la kila kaya liko wapi na nani hulilinda. Kisha zipeleke mhudumu wa afya na mwalimu huko msimu wa kulinda mazao. Kaya za Rufiji zimeshahamishwa mara moja bila kuulizwa. Mara ya pili haitakuwa na kisingizio.