Upungufu Uliogeuka Kinga: Safari ya Allison na Vimeng'enya vya Damu

Anthony Clifford Allison, daktari na mwanabiokemia aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya, ndiye aliyeonyesha kwamba kasoro ya damu inayorithiwa inaweza kumkinga mtu na malaria. Ushahidi wake aliukusanya Afrika Mashariki, katika maeneo ya joto na mbu kama ukanda wa pwani ya Tanzania wenye wilaya ya Kibiti na delta ya mto Rufiji.

Delta hiyo imekuwa makazi ya malaria tangu zamani. Mafuriko ya mto huacha madimbwi kwenye mashamba ya mpunga, maji ya chumvichumvi hujaa kwenye mikoko, na wakulima hulala kwenye madungu wakilinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe. Mbu hapati shida ya mazalio wala ya damu.

Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, Allison alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Kenya, akapima damu za wenyeji. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba urithi wa selimundu, ile kasoro ya damu; nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja hupata ahueni dhidi ya malaria, na aliyeirithi kwa wote wawili huugua. Takwimu za Musoma, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Tanganyika, zilionyesha hivyo. Kati ya watoto wachanga 287, waliorithi kwa mzazi mmoja walikuwa 89, yaani asilimia 31. Kati ya watu wazima 654 walikuwa 249, asilimia 38. Waliorithi kwa wazazi wote walipungua kutoka 9 hadi 5.

Wakati huohuo, Marekani ilikuwa na fumbo jingine. Baadhi ya watu waliomeza primakwini, dawa ya malaria, walipasuka chembe nyekundu za damu. Mwaka 1956 watafiti waligundua kwamba chembe zao zina upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho huikinga chembe isiharibiwe na oksijeni kali. Kipimo kilichoenea miaka hiyo kilitumia rangi ya buluu: damu yenye kimeng'enya cha kutosha iliifuta rangi hiyo, na yenye upungufu ikabaki na buluu yake kwa muda mrefu. Kwa kuwa jeni ya G6PD imo kwenye kromosomu ya X, upungufu huo huwapata zaidi wanaume.

Allison aliichukua hoja yake ya kinga na kuipeleka kwenye upungufu huo. Mwaka 1960 alieleza upungufu wa G6PD miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria aliyefanya kazi Tanganyika, waliripoti kwamba watoto wenye upungufu huo walikuwa na vimelea vichache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, pwani ya Kenya, zimethibitisha kwamba kinga ipo, ingawa haimfikii kila mwenye upungufu kwa kiwango kimoja.

Baadaye Allison aligeuza swali. Kuna watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya kimoja cha kuchakata purini na kukosa seli za kinga, na wengine wanaokosa kimeng'enya tofauti cha njia hiyohiyo lakini kinga yao iko salama. Akatambua kwamba kukizuia kimeng'enya sahihi kungetuliza kinga ya mwili. Akishirikiana na mkewe, Elsie Eugui, katika kampuni ya Syntex huko California, alitengeneza mycophenolate mofetil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo. Alifariki mwaka 2014.

Kwa wakazi wa Kibiti na Rufiji, somo la G6PD bado lina kazi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliruhusu dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, bila kupima kimeng'enya, kwa lengo la kuzuia maambukizi ya malaria. Dozi kubwa zaidi, pamoja na dawa za jamii ya dapsoni, zinahitaji tahadhari kwa wenye upungufu huo. Mtu ambaye mkojo wake uliwahi kuwa wa kahawia nzito baada ya kumeza dawa, au aliyepata manjano, amweleze mhudumu wa zahanati kabla ya kupewa dawa nyingine.